Kitabu cha Ubatizo na Pasipoti

Mwezi huu nalikusudia kuandika habari za kuwazoeza watoto sala za jioni, lakini jambo jingine limenishika, nami sitaweza kuandika la sala kabla ya kulitoa hili moyoni. Ni habari ya pasipoti. Najua wengine watacheka na kusema, Katekista naye ana shauri gani na pasipoti? Sisi ni watu wa nyavu na jembe. Safari zetu ni Bunda na Butiama, na tukizidi sana ni Mwanza. Hata mimi nalisema hivyo zamani. Sasa sisemi tena, maana nimeona kwa macho yangu ya kuwa pasipoti ya mtu yaweza kuharibiwa miaka ishirini kabla hajaiomba, tena mwenye kuiharibu nalikuwa mimi.

Kwanza niwakumbushe ya kwamba watu wa kwetu husafiri kuliko tunavyodhani. Kila mwaka wako wanaokwenda Uganda kuhiji Namugongo, tarehe 3 Juni, kuwakumbuka Mashahidi waliochomwa moto mahali pale mwaka 1886, ambao Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Wako wanaovuka Sirari kwa biashara au kwa kutazama ndugu, maana Wakurya na Wajaluo wana jamaa pande zote mbili za mpaka. Wako vijana wanaoitwa kusoma, na wagonjwa wanaopelekwa kutibiwa mbali. Kwa safari fupi ya nchi jirani watu wengi huomba hati ya dharura ya kusafiria, nayo huwatosha. Lakini mtu akienda kukaa na kusoma, au akienda mbali zaidi, hana budi kuwa na pasipoti yenyewe.

Basi, katika kigango chetu yuko binti mmoja, mtoto wa nyumba ya sala, aliyeitikia wito wa utawa. Masista walimkubali, wakamwandikia ya kwamba malezi yake yatakuwa nchini Kenya, naye afike akiwa na pasipoti. Barua ile ilisomwa mbele ya jumuiya, na akina mama wakapiga vigelegele. Baba yake, ambaye si mwepesi wa machozi, alitoka nje akasimama penye mwembe mpaka shughuli ikaisha. Akauza ng'ombe mmoja. Ilionekana kwamba kazi yote imebaki kwa binti kufungasha nguo.

Nitawaeleza jinsi pasipoti inavyoombwa, kwa faida ya wasiojua. Siku hizi fomu haiandikwi kwa kalamu ofisini kama zamani. Hujazwa katika tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Asiye na kompyuta huenda steshenari, akasaidiwa na kijana wa pale kwa malipo kidogo. Ndipo hupewa namba ya malipo, hulipa kwa simu au benki, huchapa fomu yake, kisha huipeleka yeye mwenyewe pamoja na vyeti vyake katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ambayo kwetu iko hapa hapa Musoma. Huko hutazamwa karatasi zake, huulizwa maswali, na huchukuliwa alama za vidole. Vinavyotakiwa ni kitambulisho cha taifa au namba yake, cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, cheti cha mzazi au kiapo badala yake, picha ndogo yenye buluu kwa nyuma, na jambo la kuonyesha sababu ya safari, kama barua ya shule au ya mwaliko. Mtoto mdogo huombewa na wazazi wake, nao huandika ya kuwa wameridhia.

Ada iliyowekwa ilipoanza pasipoti hii mpya ya kielektroniki, Januari 2018, ni shilingi 150,000: yaani 20,000 za fomu, ambazo hazirudi hata ukikataliwa, na 130,000 za kitabu chenyewe. Ile ya zamani ilikuwa shilingi 50,000. Kwa nyumba nyingi za kwetu hizo ni fedha za mbuzi wawili mnadani, wala si jambo la kuchezea. Kabla ya kulipa ulizeni ofisini, maana ada hubadilika. Lakini msimwulize yule anayekaa nje ya mlango na bahasha mkononi, akijidai kuwajua wakubwa wote wa ndani. Watu humwita kishoka. Mwisho wake fedha zimekwenda na karatasi haikuja.

Binti yetu hakwenda kwa kishoka. Alijaza, akalipa zile 20,000, akaenda na vyeti vyake vyote ndani ya bahasha, amevaa gauni la Dominika. Karani aliyempokea alikuwa mpole. Alitandaza karatasi mezani, akaziangalia kitambo, akamwuliza, Dada, wewe umezaliwa mara ngapi?

Cheti cha kuzaliwa kilisema tarehe 9 Februari 2004. Kitambulisho cha taifa kilisema 18 Aprili 2004.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe hiyo si maneno yaliyoandikwa pembeni, bali imo ndani ya namba yenyewe, nayo humfuata mtu kila anakoitaja. Namba ya binti huyu ilianza 20040418. Basi maombi yake hayakuweza kwenda mbele mpaka karatasi zake zikubaliane.

Alikuja kwangu jioni ile. Akasema, Shikamoo, mwalimu. Nikaitika. Hakukaa. Akaniomba nimtazamie katika kitabu cha ubatizo, apate kujua tarehe ya Aprili ilitoka wapi, kwa kuwa mama yake huapa kila siku ya kwamba alimzaa kabla ya Kwaresima. Nikafungua kitabu. Nikaona mwandiko wangu.

Mwaka ule nalikuwa katekista kijana wa miaka ishirini na minne, mwenye haraka nyingi. Dominika ya pili ya Pasaka, tarehe 18 Aprili 2004, Padre alibatiza watoto wengi, nami nikaandika majina yao jua limekwisha kuwa kali na watu wamekwisha kuona njaa. Katika kitabu mna safu ya tarehe ya kuzaliwa na safu ya tarehe ya kubatizwa. Kwa mtoto huyu naliandika tarehe moja katika safu zote mbili. Hakuna aliyeliona. Nami nikampa mama cheti cha ubatizo kwa mkono wangu, nikapiga na mhuri.

Mengine yalifuata kama maji katika mfereji. Alipoanza shule, mwalimu alinakili tarehe kutoka cheti cha ubatizo. Alipotimiza miaka kumi na minane akaenda kujiandikisha kwa ajili ya kitambulisho, karatasi alizokuwa nazo ni zile za shule na kile cheti changu, basi wakaandika Aprili. Baadaye mama yake alipotafuta cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, tunaoita RITA, alikwenda na kadi ya kliniki aliyoitunza sandukuni tangu siku ya kujifungua, nayo ilisema kweli, Februari. Kadi ya mama ilikuwa sahihi. Kitabu cha kanisa ndicho kilichokosa.

Nalikwenda kwa baba yake siku ya pili, asubuhi, kabla hajatoka kwenda ziwani. Nikamweleza yote. Akanyamaza sana. Kisha akaniambia, Mwalimu, jambo ni jepesi. Siku zimebaki chache. Wewe una kitabu, na kitabu kinasema Aprili. Binti yangu aende kwa wakili akaape ya kuwa alizaliwa Aprili, na cheti cha kuzaliwa kibadilishwe kifuate kitambulisho. Nani atakayeumia?

Ndugu zangu, sitaficha: neno lake lilinitamanisha. Njia ile ilikuwa fupi, tena mimi ningeokoka bila aibu. Kitabu changu kilikuwa tayari kusimama kama shahidi, chenye mhuri wa parokia, na hakuna hakimu ambaye angekitilia shaka. Kosa langu lingegeuka kuwa kweli ya serikali, na kosa likiisha kuwa kweli ya serikali, nani tena atalikumbuka? Lakini nalimtazama yule binti amesimama mlangoni, anayetaka kwenda kuweka nadhiri mbele ya Mungu, nikaona ya kuwa tungemtuma aanze safari hiyo kwa kiapo cha uongo, tena kwa kitabu kile kile ambamo jina lake liliandikwa siku aliyobatizwa. Nikamwambia baba yake, Mzee wangu, siwezi. Nitaandika barua ya kukiri kosa langu, Padre ataisahihisha safu ile na kutia sahihi, nasi tutakwenda kwenye kitambulisho kukisahihisha kwa njia ya haki. Akasema, Na mwaka wake ukipita? Nikasema, Utapita.

Ukapita kweli. Kusahihisha tarehe ya kitambulisho si kama kufuta ubao. Binti alijaza fomu, akapeleka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua yangu, na cheti kipya cha ubatizo, akaambiwa asubiri, akaenda tena, akaambiwa asubiri tena. Wenzake walianza malezi bila yeye. Dominika moja, mama yake alinipita mlangoni pa kanisa bila kunisalimu, nami sikumlaumu. Serikali haina ukatili katika jambo hili, maana pasipoti ni neno la taifa mbele ya mataifa mengine, ya kuwa mtu huyu ndiye. Kama sisi wenyewe hatujapatana siku aliyozaliwa, taifa litasemaje? Kisha iko sheria ya pasipoti ya mwaka 2002, nayo humhesabia kosa mtu atoaye habari za uongo ili aipate.

Wako watakaosema mambo haya ni ya dunia. Nawaomba wasome tena habari za Nehemia, aliyemwomba mfalme barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wamruhusu kupita. Wasome na kitabu cha Ezra, mnamotajwa watu waliotafuta maandiko ya nasaba yao wasiyaone, wakatolewa katika ukuhani. Watu wale hawakuitwa waongo. Ni jina lao tu halikuonekana penye maandiko. Hapo zamani nalikuwa nikiisoma sura hiyo ya Ezra upesi upesi, kwa sababu ni majina matupu. Sasa huisoma polepole.

Tena si tarehe tu. Majina ndiyo mwiba mkubwa zaidi kwetu watu wa Mara. Mtoto hubatizwa Yohane, mwalimu wa shule humwandika John, na kwenye kitambulisho huwa Yohana. Yakobo huwa James hapa na Jacob pale. Jina la nyumbani mmoja huandika Bhoke, mwingine Boke. Mmoja huandika Mugaya, mwingine Mgaya. Na babu akiulizwa husema yote ni sawa. Kwa babu ni sawa. Kwa mashine si sawa, kwa maana yenyewe haijui kuwa herufi moja iliyokosekana haimfanyi mtu kuwa mwingine. Yako na majina yanayoongezwa ukubwani: msichana akiolewa huchukua jina la mume katika karatasi moja na kuliacha katika nyingine. Mwenye kutaka kubadili jina na abadili kwa hati ya kisheria, kisha abadilishe karatasi zote, asichague moja.

Twajua wote ya kwamba mwaka 1934 aliingia katika shule ya Mwisenge mtoto kutoka Butiama, wa miaka kama kumi na miwili. Aliitwa Kambarage, kwa sababu ya mvua kubwa ya siku ya kuzaliwa kwake. Nyerere ni jina la baba yake. Na Julius alilipata Desemba 1943, alipobatizwa, akiwa mtu mzima. Mwaka 1949 alisafiri kwenda kusoma katika chuo kikuu cha Edinburgh, na majina hayo matatu ulimwengu ukayajua kwa mpango huo huo mmoja mpaka alipokufa mwaka 1999. Husimulia hayo kwa watoto wa katekesimu wanapoona haya kwa majina yao ya kienyeji. Jina la babu na jina la ubatizo hukaa vema pamoja, mradi yaandikwe kwa namna moja kila mahali.

Sasa niseme kidogo na wale walio na pasipoti tayari, maana wao nao husahau. Vile vitabu vya zamani, vilivyotolewa kabla ya 2018, mwisho wa matumizi yake ulikuwa tarehe 31 Januari 2020. Mzee mmoja alinionyesha chake, kimefungwa katika kitambaa pamoja na hati ya shamba na picha ya harusi, akidhani bado chafaa kwa sababu hakijachanika. Akiweke kwa ukumbusho. Hizi za kielektroniki hukaa miaka 10. Basi aliyechukua yake mwaka 2018 na ajue kwamba mwisho wake ni 2028. Tena asingoje siku ya mwisho, maana nchi nyingi humkataa mgeni ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita. Naye anayeomba upya hupeleka ile ya zamani pamoja na maombi. Aliyepotewa na yake aende polisi kwanza akaandikishe upotevu, asikae kimya akingoja kuokota.

Kwa wazazi wenye watoto wachanga neno langu ni fupi. Sheria yataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi mitatu tangu kuzaliwa. Mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano umefika mkoani kwetu, na cheti hutolewa bila malipo katika ofisi ya kata na katika kituo cha afya. Akina baba, hii si kazi ya mama peke yake. Nimeona nyumba ambamo kadi ya kliniki imetumika kuwashia moto, na leseni ya mtumbwi imefungwa katika nailoni tatu. Na kwa wakubwa wasio na cheti cha kuzaliwa, ambao kwetu ni wengi sana: mnaweza kuandikishwa hata sasa, nacho cheti cha ubatizo huhesabiwa kuwa mmojawapo wa ushahidi, pamoja na kadi ya kliniki, vyeti vya shule na barua ya Afisa Mtendaji. Angalieni hapo, walimu wenzangu wa dini. Kalamu yetu husomwa mahali tusipopajua.

Mtume Paulo alipofungwa kwa kamba ili apigwe, alisema ya kuwa yeye ni Mrumi. Naye jemadari akashangaa, kwa kuwa mwenyewe alinunua uraia ule kwa fedha nyingi, lakini Paulo alizaliwa nao. Watoto wetu nao wamezaliwa nao. Ni karatasi tu inayowakosesha.

Mtataka kujua habari za binti yetu. Kitambulisho chake kilisahihishwa mwezi uliopita. Juma lililopita alikwenda tena kwa karani yule yule, akapokewa, akatoa alama za vidole; sasa anangoja kuitwa. Masista wameandika kwamba nafasi yake itangoja mpaka Januari. Baba yake alinileta sato wawili nyumbani, akawaweka jikoni, wala hakusema neno, nami sikumwuliza.

Baada ya hayo nimeanza kupitia kitabu changu tangu ukurasa wa kwanza, nikilinganisha safu ya kuzaliwa na safu ya kubatizwa. Mpaka leo nimekuta watoto wengine wanne ambao tarehe zao mbili ni moja. Wawili nimewapata. Wawili jamaa zao wamehama, mmoja kwa upande wa Bunda na mmoja sijui wapi. Wote mliobatizwa katika kigango chetu kati ya mwaka 2003 na 2008 nawaomba mje, au mtume mtu mwenye kadi ya kliniki. Kitabu kitakuwa wazi mezani kila Jumamosi baada ya mafundisho, mpaka saa kumi na moja jioni. Padre amekubali kuwapo Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwa ajili ya sahihi.